NIPENI MJI: HISTORIA FUPI YA MICHEZO YA KUDURUSU UANDISHI DARASANI



Katika mkutano wetu uliopita ilitolewa hoja kwamba umoja wetu uweke zawadi ya kila mwaka kwa mwanafunzi wa kidato cha nne atakayewashinda wenzake wote katika kuandika insha. Hoja hiyo ilipigiwa makofi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga. Kisha tukala, tukaimba wimbo wa shule, tukatawanyika. Lakini tangu siku ile nimekuwa na jambo moyoni. Malalamiko tuliyoyasikia kwa walimu hayakuwa juu ya vijana walio mbele. Yalikuwa juu ya wale wa nyuma, wanaofika kidato cha nne bila ya kuweza kuandika barua ya kuomba kazi ikasomeka na kueleweka. Je, zawadi ya mshindi mmoja itamfikia lini kijana wa dawati la nyuma?

Swali hili si geni. Walimu wamelikabili kwa karne nyingi, na mara kwa mara, walipotaka wanafunzi wadurusu uandishi bila ya kuuchukia, walikimbilia michezo. Katika makala haya nataka kueleza kwa ufupi historia ya michezo hiyo, ng'ambo na hapa kwetu, ili tutakapokutana tena kuiamua hoja ile tuwe na pa kuanzia. Na katika kila mchezo nitauliza jambo moja tu: yule anayeshindwa hupata nini?

1. HERUFI ZA PEMBE

Tuanzie Roma ya kale. Quintilian, mzaliwa wa Hispania, alikuwa mwalimu mashuhuri wa ufasaha katika mji ule, na alilipwa mshahara kutoka hazina ya dola. Kiasi cha mwaka 95 alimaliza kazi yake kubwa yenye vitabu 12 juu ya malezi ya msemaji bora. Katika kitabu cha kwanza anazungumzia watoto wanaoanza kusoma na kuandika. Anasifu desturi ya kuwapa herufi zilizochongwa kwa pembe za ndovu wazichezee, wazishike na kuzitaja majina. Anashauri pia herufi zichimbwe katika ubao ili kalamu ya mtoto ipite ndani ya mifereji yake bila ya kupotea njia. Masomo ya mwanzo, asema, yawe mchezo. Mtoto aulizwe, asifiwe, na mara nyingine ashindanishwe na wenzake.

Jambo lililonivutia zaidi linakuja mbele kidogo, anapokumbuka walimu wake mwenyewe. Walimu hao waliwapanga wanafunzi kwa uwezo, na kila mmoja alitoa hotuba yake kwa zamu kufuatana na nafasi aliyoishika. Kuwa wa kwanza kulikuwa ni fahari kubwa. Lakini nafasi hizo hazikuwa za kudumu. Kila baada ya siku 30 mashindano yalirudiwa, ili aliyeshindwa apate tena nafasi ya kujitoa katika aibu yake, na aliyeshinda asilale. Quintilian anashuhudia kwamba desturi hiyo iliwatia bidii kuliko mawaidha ya walimu na maombi ya wazazi. Na tusisahau kwamba mwalimu huyo huyo aliipinga fimbo shuleni, wakati ambapo fimbo ilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Kwa hiyo katika habari hii ya kale tayari tunaona kanuni moja: ushindani si ubaya, iwapo aliyeshindwa hafungiwi mlango.

Karne tatu baadaye, kiasi cha mwaka 403, mtawa Jerome alimwandikia mama mmoja wa Roma aliyeitwa Laeta barua ya kumshauri namna ya kumlea binti yake. Alirudia shauri la herufi za mti au za pembe, akaongeza kwamba binti apewe wenzake wa kujifunza pamoja nao, na asikemewe akiwa mzito wa kuelewa. Michezo ya herufi, basi, tangu zamani haikukusudiwa mtoto mmoja akae peke yake. Inataka mwenza.

2. JUKWAA NA DADU

Tupige hatua ndefu hadi karne ya 17, wakati vitabu vya kupigwa chapa vilikuwa vimekwisha enea Ulaya na shule zilikuwa nyingi, lakini masomo mengi yakifundishwa kwa kukaririshwa na kwa kipigo. Comenius, mwalimu na mchungaji kutoka Moravia, aliitwa Hungary akafundisha Sárospatak tangu mwaka 1650 hadi 1654. Huko aligeuza kitabu chake cha kufundishia Kilatini kuwa michezo ya kuigiza, akaiita Schola Ludus, maana yake shule iliyo mchezo. Maneno na sentensi walizokwisha kujifunza kitabuni, wanafunzi walizisema jukwaani mbele ya watu. Hapo hakuna aliyetolewa nje. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake, na asiyeijua sehemu yake aliikwamisha tamthilia nzima, hata wenzake wakawa na haja ya kumsaidia.

Mwaka 1693 Mwingereza John Locke alichapisha mawazo yake juu ya elimu. Humo anasimulia habari ya mzazi aliyebandika herufi juu ya dadu. Irabu sita, kwa jinsi Waingereza walivyozihesabu, zilijaa pande sita za dadu moja. Konsonanti 18 zilizosalia zilienea katika dadu nyingine tatu. Watoto walirusha dadu zote nne, na aliyepata maneno mengi kwa mrusho mmoja ndiye mshindi. Locke anasema kijana mkubwa wa nyumba ile alijifunza kuendeleza maneno kwa hamu kubwa, bila ya kukaripiwa wala kulazimishwa.

Tazama uzuri wa dadu. Dadu haimjui mwenye akili wala mzito. Leo imekupendelea wewe, kesho itampendelea nduguyo. Bahati kidogo ndani ya mchezo humfanya aliye nyuma aendelee kuketi mezani, na maadamu yuko mezani anajifunza.

3. WALIOSIMAMA NA WALIOKETI

Sasa tuvuke bahari hadi Marekani. Kiingereza, kama sote tulivyokiona kwa taabu, hakiandikwi kama kinavyosemwa. Mwaka 1783 Noah Webster alitoa kitabu cha kufundishia kuendeleza maneno, nacho kikaenea mno katika shule za nchi ile. Humo mashuleni ulizoeleka mchezo mmoja mashuhuri: wanafunzi husimama kwa mstari, mwalimu hutaja neno, na mwanafunzi hulitaja herufi kwa herufi. Akikosea, huketi. Wa mwisho kubaki amesimama ndiye bingwa. Katika miaka ya 1870 mchezo huu ulitoka shuleni ukawa tamasha la wakubwa kwa wadogo katika miji mingi.

Mwaka 1908 walimu wa Marekani walipokutana katika mji wa Cleveland, yalifanyika mashindano makubwa ya timu za miji mbalimbali. Bingwa alikuwa Marie Bolden, msichana mweusi wa miaka 14 aliyekuwa katika timu ya Cleveland. Kumbuka huo ulikuwa wakati gani kwa watu weusi wa nchi ile. Upande wa New Orleans ulikuwa umenung'unika juu ya kushindana na timu yenye mtoto mweusi. Lakini neno likiwa limeendelezwa sawasawa mbele ya maelfu ya watu, limeendelezwa sawasawa. Hakuna awezaye kulirudisha. Hii ni sifa ya mashindano ya hadharani ambayo si haki kuificha: yanaweza kumpa aliyedharauliwa ushahidi ambao hakuna wa kuukanusha.

Mwaka 1925 yalianza mashindano ya taifa zima mjini Washington. Waliofika fainali walikuwa tisa, na kijana wa miaka 11 kutoka Kentucky, Frank Neuhauser, alishinda kwa kuliendeleza jina la ua, gladiolus. Mashindano hayo yamekuwa desturi kubwa ya nchi ile.

Pamoja na sifa zake zote, mchezo huu una ufa mmoja. Anayekosea mapema ndiye anayehitaji mazoezi zaidi, naye ndiye anayeketishwa kwanza. Wakati bingwa anaendeleza maneno 40, mwenzake ameendeleza moja tu, tena vibaya, kisha amekaa anatazama dirishani. Kama lengo ni kumpata bingwa, mchezo umefaulu. Kama lengo ni darasa zima lidurusu, mchezo umewanyima chakula wenye njaa na kumwongezea aliyeshiba.

Nasema haya kwa kuwa niliyaonja. Katika shule niliyosoma kabla ya kufika hapa kwetu, tulichezeshwa hivyo kila Ijumaa kwa maneno ya Kiingereza. Nilikuwa wa kuketi mapema. Kwa muda wa mwaka mzima nilichojifunza siku za Ijumaa ni namna ya kuketi bila ya kuonekana.

4. MCHEZO WETU WA ZAMANI

Je, sisi Waswahili hatukuwa na mchezo wa aina hiyo? Tulikuwa nao, na tunao. Nani asiyekumbuka kuketi barazani au jikoni jioni, mkubwa akasema “Kitendawili!” na watoto wote wakajibu “Tega!”? Nyumba yangu haina mlango. Mmoja ajaribu hivi, mwingine vile. Wakishindwa wote, mtegaji husema “Nipeni mji.” Nao humpa: “Chukua Mombasa,” au “Chukua Tabora.” Naye huupokea mji, hujigamba kidogo, asimulie jinsi alivyokwenda Tabora, alivyokaribishwa na alivyokula, na mwishoni hulifichua jibu: yai.

Ndugu msomaji, utazame mchezo huu kwa macho ya mwalimu. Aliyeshindwa hafukuzwi. Hulipa mji, tena mji ambao wala si wake, na kwa malipo hayo hununua jibu. Mtegaji naye, baada ya kupokea malipo, hana ruhusa ya kunyamaza. Amefungwa na desturi kulisema jibu mbele ya wote. Kisha kitendawili kingine hutegwa, na aliyeshindwa yupo pale pale, safari hii akijua jambo ambalo dakika moja iliyopita hakulijua. Babu zetu hawakuandika vitabu 12 juu ya elimu, lakini jibu la swali letu walikuwa nalo.

Mkondo huo huo uliingia katika uandishi. Washairi wa pwani walijibizana kwa tungo tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki kiasi cha mwaka 1840, alitunga mengi ya kuwajibu na kuwachokoza wenziwe, hasa wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu. Tungo zake hazikupotea kwa kuwa watu walizihifadhi vichwani na kuziandika kwa herufi za Kiarabu. Baadaye Mwalimu Sikujua alizikusanya, na mwaka 1940 diwani ya Muyaka ikachapishwa. Mwenye kujibu aghalabu hufuata bahari ile ile ya mwenziwe, mizani kwa mizani. Maana yake ni kwamba kabla hujamjibu mtu, huna budi kuusoma utungo wake kwa makini na kuuiga umbo lake. Zoezi gani la kudurusu uandishi linazidi hilo?

Gazeti la Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923 liliwafungulia washairi kurasa zake, na malumbano yakatoka barazani yakaingia katika chapa. Mtu wa bara aliweza kutega fumbo lake, na mtu wa pwani akalifumbua katika toleo la baadaye. Ni katika miaka hiyo pia ambapo maendelezo ya Kiswahili yalisanifiwa. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi mwaka 1928, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Kiswahili hakina taabu ya Kiingereza; kisemwavyo ndivyo kiandikwavyo. Kwa hiyo mchezo wa kutaja herufi haukuwa na kazi kubwa kwetu. Makosa yetu yako pengine: katika upatanisho wa maneno, katika vituo, katika aya isiyojua inakwenda wapi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mathias Mnyampala, mshairi kutoka Ugogo, aliistawisha ngonjera. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilianza kutoka mwaka 1970, yeye akiwa amekwisha fariki mwaka 1969. Wengi wetu tulisimama katika uwanja wa shule tukazighani. Katika ngonjera wako wawili au zaidi: mmoja hajui au anabisha, mwingine anajua. Wanabishana kwa beti. Lakini asiyejua hatolewi jukwaani. Anabaki mpaka beti za mwisho, ambapo anakubali na wanamaliza kwa sauti moja. Huu ni mji mwingine uliotolewa na jibu likapatikana.

5. DARASANI KWETU

Nimefika sasa shuleni kwetu. Waliosoma nasi mwishoni mwa miaka ya 1970 watamkumbuka mwalimu wetu wa Kiswahili wa kidato cha tatu na cha nne, mtu mfupi, mpole, mwenye chaki masikioni kama fundi seremala na kalamu yake. Hayupo tena duniani, Mungu amlaze mahali pema. Wakati huo, kufuatana na Azimio la Musoma la mwaka 1974, mwanafunzi alipimwa si kwa mtihani wa mwisho peke yake bali na kwa kazi zake za kila siku. Kila insha ilikuwa na uzito. Na insha zetu zilikuwa zinatisha.

Mwalimu alipokwisha kusahihisha insha hakutusomea alama. Alichagua sentensi zenye makosa, akaziandika ubaoni bila ya jina la mtu. Aliligawa darasa makundi matano, akaning'iniza ramani ya Tanzania, kisha akasema, “Kitendawili!” Tuliokuwa watu wazima wenye kuota ndevu tulicheka. Akangoja mpaka tukasema, “Tega!”

Sentensi ya kwanza ninayoikumbuka ni hii: “Kitabu ambacho nilichokinunua kimepotea.” Kundi letu lilisema kosa liko katika neno kimepotea. Hapana. Tukatoa mji, tukatoa Kigoma. Kundi lililojua halikuruhusiwa kuchukua Kigoma mpaka lieleze sababu: kwamba “ambacho” na “nilicho-” vinafanya kazi moja, na mtu hahitaji majembe mawili mkononi kulima tuta moja. Ama useme “kitabu ambacho nilikinunua,” ama “kitabu nilichokinunua.” Kisha sisi tulioshindwa tukaandika sentensi mbili sahihi za mfano ule katika madaftari yetu, na sisi ndio tuliopewa zamu ya kutega kinachofuata. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yake kuu: anayetoa mji ndiye anayetega. Ili kutega ilibidi tuketi pamoja na kutafuta kosa litakalowashinda wengine. Na huwezi kutega kosa usilolielewa.

Siku nyingine alileta vituo. Aliandika, “Baba Juma amefika.” Nani amefika? Akaongeza mkato mmoja: “Baba, Juma amefika.” Darasa lilinyamaza. Tangu siku ile sijaudharau mkato. Siku nyingine akatutegea, “Yule bwana alimwambia rafiki yake kwamba ameibiwa mkoba wake.” Nani kaibiwa, na mkoba ni wa nani? Makundi manne yalitoa miji, kwa kuwa kosa halikuwa la sarufi. Mwandishi alikuwa amemsahau msomaji. Alituambia kwamba makosa mengi ya insha ni ya namna hiyo: mwandishi anajua anachosema, na anadhani kila mtu anajua.

Siku za kudurusu utungaji wa masimulizi alitumia karatasi moja kwa kila kundi. Mtu wa kwanza aliandika aya, akaikunja ionekane sentensi ya mwisho tu, akampa mwenziwe. Mchezo wa karatasi ya kukunjwa ni wa zamani Ulaya, na katika miaka ya 1920 wasanii wa Paris waliutumia kutunga mambo ya ajabu ajabu. Yeye aliutumia kwa jambo la kawaida kabisa. Karatasi ilipofunguliwa, hadithi ilikuwa imevunjika vipande. Kazi yetu ilikuwa kuiunga: wapi pakosekana neno la kuunganisha, wapi mhusika amefufuka baada ya kuzikwa. Tulicheka mpaka machozi, kisha tukaandika upya, kila mmoja nakala yake. Hakuna mchezo wake uliokwisha bila ya kalamu kushikwa.

Palikuwa na manung'uniko. Kelele zilisikika madarasa ya jirani, na wenzetu wa mchepuo mwingine walisema kwamba sisi tunacheza wakati wao wanasoma. Nasi wenyewe, mtihani ulipokaribia, baadhi yetu tulimwomba aache michezo atupe “vidokezo” tukariri. Nakiri kwamba mimi nilikuwa msemaji wa ujumbe huo. Alitusikiliza kwa upole, akaniuliza, “Na mwenzako wa dawati la nyuma utampa vidokezo gani?”

Mwenzetu huyo alikuwa kimya tangu kidato cha kwanza. Insha zake zilikuwa mistari sita. Katika michezo ile alitoa miji mingi kuliko mtu yeyote, hata tukamwita Mkuu wa Miji. Lakini kwa kuwa anayetoa ndiye anayetega, alijikuta anatega mara nyingi kuliko sisi sote. Muhula wa mwisho vitendawili vyake vilikuwa vinalilaza darasa. Mwalimu alipofariki, na umoja wetu ukataka kuipelekea familia yake barua ya rambirambi, tulitazamana nani aandike. Aliandika yeye. Ilikuwa ukurasa mmoja, haina neno la ziada, na ilisomwa kaburini watu wakiwa wameinamisha vichwa. Sikuona mkato hata mmoja uliopotea mahali pake.

6. YALIYOANDIKWA BAADAYE

Nilipokuwa mwalimu nami, niligundua kwamba ng'ambo walikuwa wakiandika vitabu juu ya mambo haya haya. Mwaka 1979 Andrew Wright na wenziwe walitoa kitabu cha michezo ya kujifunzia lugha. Mwaka 1984 Mario Rinvolucri alitoa kingine juu ya michezo ya sarufi. Walimu wa lugha walizoea mnada wa sentensi: makundi hupewa fedha za kubuni, sentensi sahihi na zenye makosa hupigwa mnada, na kila kundi huamua kama itanunua au itaacha. Mwaka 1988 Rinvolucri na Paul Davis wakaandika juu ya imla, zoezi lile lililotuchosha sote, wakaonyesha namna nyingi za kulipa uhai. Imla ya mbio ni mojawapo ya zilizoenea: maandishi hubandikwa ukutani, mmoja hukimbia kusoma, hurudi kumtajia mwenziwe, naye huandika. Mkimbiaji asipokumbuka kituo, mwandishi hana kituo. Wote wawili wanashinda au wanashindwa pamoja.

Nimeijaribu yote miwili, na inafaa. Lakini mnada usipoangaliwa huwa kamari ya wachache wenye sauti, na imla ya mbio huwa riadha. Nililazimika kuongeza kanuni ya marehemu: anayeshindwa aelezwe sababu, aandike, kisha yeye ndiye atege.

7. KUHUSU HOJA YETU

Sasa narudi kwenye zawadi. Siipingi. Quintilian alijua thamani ya nafasi ya kwanza, na Marie Bolden alistahili kila kofi alilopigiwa. Kijana hodari aonekane na apewe haki yake. Ila zawadi peke yake ni mchezo wa kusimama na kuketi: mmoja atasimama jukwaani kupokea bahasha, na darasa zima litakuwa limeketi.

Kwa hiyo naleta nyongeza ya hoja, nayo haihitaji fedha nyingi. Kila muhula, Jumamosi moja, wanafunzi wa zamani watano wafike shuleni. Waje na ramani na chaki. Walimu watuchagulie sentensi kutoka katika insha za vijana, bila ya majina, nasi tuongoze makundi matano kama tulivyoongozwa. Na tusiwategee wao tu. Nao watutegee sisi. Nina hakika miji mingi itatutoka, kwa kuwa barua zetu za ofisini nazo zina mambo yake. Hilo halitakuwa baya. Kijana akimwona mzee mwenye mvi anatoa Dodoma mbele ya watu, anapokea jibu, anaandika na kuendelea, atakuwa amejifunza jambo ambalo bahasha haiwezi kumfundisha.

Kama wenzangu hamkubaliani nami, nitegeni katika toleo lijalo. Nikishindwa kujibu, mji wangu ni Kigoma. Nimekwisha uzoea kuutoa.